Transponda ya kuchaji au ya waya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukijiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye mbio za magari za klabu ya SCCA huko Marekani, au mashindano ya muda ya NASA (klabu ya magari, si wale wa roketi), utaulizwa namba ya transponda yako, yaani kifaa kidogo kinachofungwa garini ili gari litambulike linapopimwa muda. Zipo za aina mbili: ya kuchaji, yenye betri yake ndani, na ya waya, inayochukua umeme wa betri ya gari. Hapo ndipo kila mtu gereji anageuka mtaalamu.

"Ya waya hupima muda kwa usahihi zaidi."

Transponda haipimi muda hata kidogo. Kazi yake ni kurusha namba yake, tena na tena. Ndani ya lami, kwenye mstari wa kumalizia, kumefukiwa waya unaoinasa namba hiyo gari likipita na kuipeleka kwenye dekoda. Dekoda ndiyo yenye saa, nayo ndiyo inayoandika ulivuka lini, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Umeme utoke betri ya ndani au betri ya gari, kwake ni mamoja.

"Ya kuchaji itakuzimikia katikati ya mbio."

Kama hukuichaji, ndiyo. TranX260, ile transponda nyekundu ya kampuni ya AMB (siku hizi MYLAPS) ambayo bado unaikuta kwenye magari mengi ya klabu, ikichajiwa saa 16 hukaa siku kama nne, na wikiendi ya mbio ni siku mbili au tatu. Ichomoe kwenye chaja uiangalie taa: ikimweka kijani mara tatu, una siku tatu. Ukiona nyekundu, irudishe.

La kuogopa zaidi ni uzee. Betri imezibwa ndani ya ganda lisilofunguliwa, na mwisho wake huchoka kama ya simu. Ukiuziwa iliyotumika, usiridhike kwa kuona taa inawaka. Ichaji mpaka ijae, iache mezani siku mbili, uhesabu mimweko iliyobaki, ndipo utoe pesa.

"Ya waya ukishaifunga, umemaliza."

Karibu iwe kweli, na kwa gari ambalo kazi yake ni mbio tu, mimi ningechagua hiyo. Ila sasa umeitegemeza kwenye nyaya za gari. Fyuzi ikiungua, waya ukilegea kwa mtetemo, au fundi akisahau kurudisha soketi baada ya kushusha injini, utazunguka asubuhi nzima na jina lako lisitokee kwenye matokeo. Ichukulie umeme kwenye laini inayowashwa na swichi kuu na yenye fyuzi, si waya wowote ulio karibu. Gari likiwa ndilo la kwendea kazini, au mkiwa wawili mnaobadilishana magari, ya kuchaji ni nafuu kwenu: unachomoa pini kwenye kishikio, unahama nayo.

"Ya waya haina ada."

Ada haifuati waya. TR2, transponda nyingine ya MYLAPS, huuzwa kwa usajili wa mwaka 1, 2 au 5, iwe ya kuchaji au ya waya.

"Ifunge popote, mradi iwe ndani ya gari."

Hapa ndipo wengi hukosa kuandikiwa muda, kisha wakaisingizia betri. Mawimbi yake hayapenyi chuma wala kaboni faiba. Uso wake uelekee chini, isizidi kama sentimita 60 juu ya lami, na pasiwe na bati kati yake na barabara. Wengine hutoboa tundu kwenye sakafu, wengine huifunga kwenye kishikio karibu na gurudumu.

Wapo pia wanaoisogeza puani mwa gari ili wapunguze muda wa mzunguko. Haupungui, maana mzunguko unaanzia na kuishia kwenye waya uleule. Kinachobadilika ni nani katangulia mstarini: kwa kilomita 180 kwa saa gari linakwenda mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ni sekunde 0.02. Ndiyo maana waandaaji wengine huagiza ikae wapi.

"Ukienda uwanjani lazima uwe nayo."

Siku nyingi za kujiendeshea kwenye viwanja vya Uingereza, na zile za watalii kule Nürburgring, Ujerumani, kupima muda kumekatazwa kabisa. Na penye mbio, klabu nyingi hukodisha za kuchaji kwa wikiendi, hivyo anayeshiriki mara moja moja tu kwa mwaka hana sababu ya kununua.