Paswedi Iliyosahaulika Hutafutwa kwa Mwenyewe

Msimu wa zabibu, mhasibu wa chama kimoja cha wakulima hapa Dodoma aliniletea kompyuta mpakato akiwa ameiviringisha kwenye kanga. Faili la Excel lenye malipo ya wakulima halifunguki.

"Mwanangu, paswedi niliiweka mwenyewe, sasa imenitoka kabisa."

Nilimwomba kwanza barua ya mwenyekiti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye data bila idhini, na faili lile ni mali ya chama, si la mama peke yake. Barua ilipofika nikanakili faili, maana la asili siligusi.

Wengi hudhani kompyuta inaachiwa tu ijaribu kila herufi. Tupige hesabu. Herufi nane ndogo, kwa alfabeti ya herufi 26, zinatoa michanganyiko karibu bilioni 209. Excel tangu toleo la 2013 huisaga kila paswedi kwa SHA-512, kanuni ya hesabu inayoigeuza kuwa msimbo usiorudishika nyuma, mara 100,000 kabla ya kuilinganisha, makusudi, ili mwenye kubahatisha acheleweshwe. Mashine yangu inajaribu kama 100 kwa sekunde. Hiyo ni miaka 66.

Kwa hiyo tunatumia orodha ya maneno ambayo huenda mtu aliyatumia kama paswedi, tunayajaribu hayo tu. Inayojulikana kuliko zote ilitokana na RockYou, kampuni ya Marekani iliyodukuliwa Desemba 2009 ikiwa imehifadhi paswedi za akaunti milioni 32 bila kuzificha. Ukiondoa zinazojirudia, zinabaki kama milioni 14. Kwangu ni saa 39 za kazi. Niliipitisha yote, ikatoka kapa. Orodha ile imejaa Kiingereza. Mama huyu anawaza kwa Kiswahili na Kigogo.

Basi tukakaa, chai mezani, nikamuuliza. Wajukuu wanaitwaje? Shamba liko wapi? Mwaka gani alianza kazi? Huwa anaanza na herufi kubwa? Yalipatikana maneno 40. Nikayaandika kwa namna tatu za herufi kubwa na ndogo, kila moja na miisho 90: miaka, 123, alama ya @ na kadhalika. Majaribio 10,800, hayafiki hata dakika mbili.

Hayakupata kitu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeyaandika maneno yake kwa tahajia yangu. Nikampa kalamu ayaandike mwenyewe. Salamu ya Kigogo, ambayo mimi niliandika "mbukwenyi", yeye aliandika "mbukweni". Nikarudia zoezi.

Mbukweni@2018. (Ameshaibadilisha, na ameniruhusu kuitaja.)

Tangu siku hiyo mteja ndiye anayeshika kalamu, nami sisahihishi hata herufi moja. Ukikosea kuandika jina la mjukuu wako, liache vilevile. Kosa hilo ndilo ninalolitafuta.

Faili lilipofunguka mama hakusema neno. Alishuka safu kwa safu hadi kwenye jina la mzee mmoja wa Hombolo aliyekuwa bado anadai, akachukua simu akampigia.