Mikopo ya wakati wa korona haikusamehewa

Hadi leo wako Wakenya wanaosema kwamba mwaka 2020 serikali ilisamehe mikopo ya benki. Sivyo. Kilichotolewa ni nafuu ya muda, na wengi waliigundua tofauti hiyo kwa uchungu, walipofungua taarifa ya akaunti.

Tarehe 18 Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba aliyekwama kwa sababu ya janga azungumze na benki yake, na mkopo wa binafsi ungeweza kuongezewa muda hadi mwaka mmoja. Sharti: awe hana malimbikizo ya malipo ya mkopo kufikia tarehe 2 Machi. Gharama za kupanga upya mkopo zilibebwa na benki, na nadhani hapo ndipo neno "msamaha" lilipozaliwa. Lakini ada si riba.

Chukua muuza mitumba anayedaiwa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Akisimamisha malipo yote miezi 3, kila mwezi 2,000 za riba zinaendelea kuhesabika. Akirudi kulipa, anakuta deni limefika 206,000. Hakuibiwa, ila alistahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla ya kutia sahihi.

Kilichopunguzwa kweli ni kodi. Aprili 2020, mwenye mshahara usiozidi 24,000 kwa mwezi aliacha kukatwa kodi ya mapato, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye bei anayolipa mnunuzi, ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 2021 VAT ilirudi 16, lakini hakuna mnunuzi aliyedaiwa zile asilimia mbili za miezi ya nyuma.