Masizi ndani ya Klasi 60

Mimi ni fundi wa boila, na riziki yangu naipata kwenye viwanda vya sukari huku Busoga. Mara kwa mara watu huniuliza kuhusu magarimoshi ya zamani: yakipakwa rangi vizuri si yatadumu? Hayatadumu. Kinachoyala kiko ndani ya tanuru na mabomba, mahali ambapo brashi haifiki.

Chukua Klasi 60, aina ya injini za mvuke ninayoipenda kuliko zote. Zilikuwa injini 29, Reli ya Afrika Mashariki ikaziagiza kwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, nazo zikaanza kazi mwaka 1953 na 1954. Kumi na mbili za kwanza ziliundwa Ufaransa, kwenye kiwanda cha Franco-Belge. Zote ni Garratt: boila moja imelazwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu zenye silinda zake, kila seti ikijigeuza peke yake. Kwenye kona kali injini hujikunja kama jongoo. Uzito nao umegawanywa kwenye magurudumu mengi, ekseli moja ikibeba takriban tani 11, kwa hiyo hata reli nyepesi ziliistahimili. Njia yetu inapanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, mita 2,784 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka hadi Tororo na kuvuka Nile pale Jinja kuelekea Kampala. Kwa njia kama hiyo, sijui umbo lingine ambalo lingefaa zaidi.

Baba yangu mdogo alikuwa fayamani. Wengi hudhani fayamani ni mtu wa koleo na makaa, lakini injini hizi zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kushika koki za mafuta huku jicho liko kwenye moshi. Mafuta hayo huacha masizi ndani ya mabomba ya boila. Masizi yakizidi, moto haufiki kwenye maji na presha inashuka mlimani. Dawa ilikuwa mchanga. Alichota mchanga mkavu kwa kikopo, akausogeza kwenye kitundu cha mlango wa tanuru wakati dereva ameifungulia injini mvuke. Hewa iliunyakua mchanga kwenye kikopo, ukapita katika mabomba yote ukiyasugua, kisha dohani ikatoa moshi mweusi tii. Akina mama wa kando ya reli waliuona kwa mbali na kuanua nguo zao.

Sasa injini imesimama, na hakuna anayetupa mchanga tena. Yale masizi ya safari ya mwisho bado yamo, na yana salfa. Mvua ikiingia kupitia dohani, au hata umande wa alfajiri, masizi yanalowa na kuwa asidi. Hiyo asidi inakula chuma usiku na mchana, ikianza na mabomba ya chini. Nje injini inang'aa, ndani mabomba yamekuwa membamba kama ganda.

Ndiyo maana kabla ya rangi nasema: ziba dohani kwa kifuniko, pitisha brashi ya waya kwenye kila bomba, zoa masizi yote, fungua plagi za kuoshea boila ili maji yatoke na hewa ipite. Halafu ingia tanuruni na nyundo ndogo ugonge stei moja moja, vile vyuma vifupi vinavyoshikanisha kuta mbili za tanuru. Stei nzima inalia kama kengele. Iliyokatika inajibu kwa sauti ya debe. Na tafadhali, msiwape vijana kazi ya kubandua koti la boila kwa mikono mitupu. Boila za enzi hizo zilifungwa kwa asbesto, na vumbi lake linaua mapafu.

Injini hizi zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, baadaye vibao vikang'olewa. Namba 6006, iliyoitwa Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nani ataiwasha? Mimi sidai iwashwe. Nadai iwe kavu.

Njia ya kujua ni rahisi. Asubuhi baada ya mvua kubwa, fungua mlango wa mbele wa boila, chini ya dohani, upapase sakafu yake. Kidole kikitoka na tope jeusi, kifuniko kinavuja.