Kumbikumbi sebuleni: kabla hujashika dawa

Mvua za kwanza zikinyesha tu, simu ofisini kwetu hulia kwa swali lilelile: "Wadudu wenye mbawa wamejaa sebuleni, tupulize dawa gani?" Jibu langu huwa moja: chukua fagio.

Kumbikumbi ni mchwa. Wafanyakazi na askari wa kichuguu hawana mbawa, wengi ni vipofu, na hawazai. Kumbikumbi wana macho na wanaweza kuzaa. Wao ndio maharusi wa kundi. Kichuguu kichanga hakiwatoi, kwani huchukua miaka kadhaa kufikia uwezo huo. Wakishakomaa hukaa ndani wakisubiri mvua ilainishe ardhi, ndipo wafanyakazi watoboe matundu ya kutokea. Vichuguu vya aina moja hufunguka karibu wakati mmoja, hivyo wa huku hukutana na wa kule.

Wakitua, hukatika mbawa kwenye mshono uliopo karibu na mwili. Jike hutoa harufu, dume humfuata unyounyo hadi wapate pa kuchimba. Wanajifungia humo, na ndipo wanapooana. Dume la nyuki hufa papo hapo likishampanda malkia. Mfalme wa mchwa huishi na mkewe miaka mingi. Watoto wa kwanza huwalea wenyewe kwa akiba ya miili yao, ikiwemo misuli ya kurukia ambayo haina kazi tena. Malkia wa vichuguu vikubwa, akishanenepa, hutaga maelfu ya mayai kwa siku.

Wachache mno hufika huko. Kuku, vyura na mijusi huwasubiri, nasi pia: ukiwakaanga huhitaji mafuta, wanayo yao. (Waliopuliziwa dawa usile, wala usiwape kuku.)

Usiwachanganye na sisimizi wenye mbawa. Sisimizi ana kiuno chembamba na mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma. Za kumbikumbi zote nne zinalingana.

Waliofuata taa kupitia dirishani hawatakula kabati lako. Zima taa ya ndani, washa ya nje, asubuhi ufagie mbawa. Ila wakichomoza kwenye ufa wa sakafu au kwenye fremu ya mlango, kundi lililokomaa liko chini yako. Kagua ukuta kama una vijia vya udongo, gonga mbao usikie kama zimebaki ganda, kisha mwite mtaalamu atibu kiota chenyewe.