Ukifuta programu hujafuta deni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ilitetemeka juu ya stuli. Ujumbe wa benki: kadi yangu imelipa dola 4.99. Nilikaa kitako kitandani nikipiga hesabu. Kama elfu kumi na tatu hivi, na chumbani kwangu hapa Sinza hela hiyo ni umeme wa wiki mbili. Aliyeila ni programu ya kurembesha picha niliyoipakua kwa ajili ya picha moja tu, ya sendofu ya shemeji yangu. Ilisema ni bure siku tatu. Siku ya pili niliifuta kwa kidole changu mwenyewe, nikaona kialama chake kinapotea, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Tangu siku hiyo naokota dhana za namna hii, zangu na za watu wangu. Naishi kwa kuandika mtandaoni, na sehemu kubwa ya matumizi yangu ya mwezi inakwenda kwenye vitu nisivyoweza kuvishika. Nazitaja hapa zile zilizonigharimu, na moja mbili zilizonichekesha.

"Nimeshaifuta, yameisha"

Hayajaisha. Programu inakaa kwenye simu. Usajili unakaa kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple, pamoja na kadi uliyoiweka. Kufuta programu ni kama kutoa godoro nje ya chumba: umehama, sawa, lakini mkataba wa pango bado uko kwa mwenye nyumba na una saini yako.

Kwa mwenye Android, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia "Malipo na usajili", kisha "Usajili". Humo utakuta kila anayekudai. Kwenye iPhone ni kwenye mipangilio: unagusa jina lako juu kabisa na orodha ya usajili imo. Apple wanataka ukatishe majaribio ya bure angalau saa 24 kabla hayajaisha, kwa hiyo ule mtindo wetu wa kusubiri dakika ya mwisho hapo haufai. Na kama mwezi umeshaulipia, ukikatisha leo huduma haizimwi leo; unaendelea kuitumia mpaka siku zako ziishe. Sasa kwa nini usubiri?

Nimejiuliza sana kwa nini sisi wa Dar tunanasa hapa kirahisi, na jibu langu ni LUKU. Tumezoea kulipa kwanza. Hata jina lenyewe linasema: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Vocha ni hivyohivyo, bando ni hivyohivyo. Bando la wiki likiisha limeisha, hakuna mtu anayekuja kukugongea. (Ukiacha bili ya maji, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa.) Kwa bando, ukinyamaza umeacha. Kwa usajili, ukinyamaza umekubali. Mtu aliyekulia kwenye tokeni hawezi kudhani kwamba kuna kitu kinaendelea kula wakati yeye hajakigusa.

Niliipeleka simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi ambaye kwenye vioo sina shaka naye hata kidogo. Akaniambia, "Kaka, we futa data zote za apu, zima simu, washa. Safi." Akanitoza buku mbili. Wiki iliyofuata, alfajiri ileile, dola 4.99.

"Kadi haina kitu, watakata nini?"

Hii ni ya jirani yangu anayeuza viatu vya mtumba Instagram. Yeye ana ile kadi pepe inayoungwa na pesa ya simu, na kanuni yake ni kuweka hela ya kazi iliyopo tu, kisha kadi inabaki sifuri. Alijiunga na programu ya kujifunza lugha, akaichoka, akaiacha ife njaa.

Haikufa. Malipo yakikataliwa, mfumo haukati tamaa siku hiyo. Apple inaweza kuendelea kujaribu kadi hadi siku 60. Google nayo inampa mteja muda wa kurekebisha malipo yake, na muda huo wote mlango wa kadi unaendelea kubishwa. Dada wa watu akaweka hela Jumamosi ili alipie tangazo la viatu vya shule. Kabla hajafungua Instagram, Kifaransa kikawa kimeshachukua chake. Tangazo likakwama, wateja wa Januari wakaenda kwa wengine, na Kifaransa chenyewe anajua "bonjour" tu.

Kadi tupu inachelewesha deni, hailifuti. Unakatisha usajili wenyewe, ndipo unaacha kadi ikiwa tupu kwa amani.

"Sambaza kwa watu ishirini, la sivyo WhatsApp itaanza kulipisha"

Shangazi yangu wa Tabata hunitumia ujumbe huu kila mwaka, karibu na Ramadhani, sijui kwa nini. Ukisambaza, kialama kitageuka bluu na utaendelea bure; usiposambaza, utalipa.

Kinachonifurahisha ni kwamba uongo huu una mzizi wa kweli. WhatsApp iliwahi kuwa na ada: dola 0.99 kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Facebook waliinunua 2014, na Januari 2016 ada ikatangazwa kufutwa. Baadaye wakaanza kulipisha makampuni yanayotuma ujumbe wa biashara kwa wateja wao, yale ya "ndugu mteja". Kwa hiyo shangazi hakuota, amechelewa tu. Na kusambaza ujumbe hakujawahi kumpunguzia mtu ada hata enzi hizo ada ikiwepo.

Nilimpigia nimweleze. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu, nikamwaga historia yote hiyo. Akasikiliza vizuri. Kisha: "Sawa mwanangu. Sasa kusambaza kuna hasara gani?"

Sikuwa na jibu, na mwaka uliofuata ukaja tena.

Ya betri nipite haraka, maana nimeisikia kwenye mwendokasi mara nyingi mno: kufagia programu zote zilizofunguliwa ili chaji idumu. Mwaka 2016 viongozi wa pande zote mbili walilijibu hili hadharani, Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple: haisaidii. Simu inajua yenyewe ipi iilaze. Ukiifunga kabisa halafu ukaifungua tena baada ya dakika tano, ndiyo kwanza umeipa kazi. Mwanga wa kioo punguza, huo unakula kweli.

"Kuandika mtandaoni ni bure"

Ilikuwa karibu na bure. Mpiga picha wa habari Muhidin Issa Michuzi alifungua blogu yake Septemba 2005, huko Helsinki, akishikwa mkono na mwanablogu Ndesanjo Macha, na miaka iliyofuata kila mwenye kompyuta ya ofisini na la kusema alifungua yake. Nami nilikuwemo. Ulihitaji barua pepe na saa moja ya intaneti kafe.

Kisha ikaja 2018 na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Blogu ikahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya kila mwaka 1,000,000. Viwango vimeguswa baadaye, kwa hiyo anayetaka kuanza aulizie bei ya leo, asichukue yangu ya historia. Lakini ule mwaka nawafahamu waandishi watatu wazuri, wa mapishi, wa mpira na wa mashairi, waliofunga wakahamia kuandika maelezo chini ya picha. Wa mashairi ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Na hata bila leseni kuna jina. Hapa ndipo pananiuma.

Tunasema "nimenunua domeni". Neno kununua ndilo linalotupoteza. Domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, au kikoa kama wasemavyo wanaosimamia majina ya .tz, haiuzwi, inapangishwa kwa mwaka. Hata ya .com huwezi kuilipia mbele zaidi ya miaka 10. Mimi niliamini nimenunua. Barua pepe za kukumbushwa zilikuwa zinakwenda kwenye anwani ya ofisi niliyoacha kazi zamani. Siku ikafika, jina likaisha. Kwa majina ya .com kuna siku 30 za kulikomboa baada ya kufutwa, kwa bei ya kukomoa, na hizo nazo zilipita mimi nikidhani tovuti ina hitilafu itakayopona yenyewe, maana ndivyo umeme wetu unavyofanya.

Baadaye kidogo msomaji wangu wa siku nyingi kutoka Mbagala akanipigia. Sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole.

"Kaka, ni kweli siku hizi unachezesha kamari?"

Nikafungua. Jina langu, lilelile nililolichagua kwa wiki mbili, juu ya ukurasa wa kubeti. Makala zangu za miaka sita hazimo. Aliyelichukua hakuiba kitu, kisheria: chumba kilikuwa wazi, akapanga.

"Picha: Google"

Google haipigi picha za watu harusini. Inakuonyesha tu zilipo. Hii ya kuokota picha na kuandika chini yake "Picha: Google" au "kwa hisani ya mtandao" ni sawa na kubeba kiti cha jirani ukaandika juu yake "Kiti: Mtaani".

Wengi wanaamini kazi isiyo na alama ya hakimiliki haina mwenyewe, au kwamba lazima iwe imesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo ilindwe. Sivyo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba haki inazaliwa pamoja na kazi, haisubiri fomu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Usajili unasaidia siku ya ugomvi, pale unapotakiwa kuthibitisha kwamba ni yako. Na hili linakulinda na wewe pia: makala yako iliyonakiliwa neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia, na mtu aliyeweka "chanzo: mtandao", bado ni yako.

"Wasomaji wakiwa wengi, hela inakuja"

Inakuja, kwa mwendo wake. Matangazo ya AdSense, yale ya Google yanayowekwa kwenye tovuti yako, hayakulipi mpaka ufikishe dola 100. Kabla ya hapo, ukifikisha dola 10, wanakutumia namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Kwa barua. Barua ya karatasi, posta. Mimi nina namba za simu mbili na sina S.L.P. hata moja. Niliandika sanduku la ofisi ya mjomba, na kwa wiki tano nilikuwa nampigia simu kuliko nilivyompigia alipolazwa. Usipoiingiza namba ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Barua ilifika imekunjwa ndani ya mwaliko wa kikao cha harusi.

Na tafadhali msiwaambie ndugu "bofyeni matangazo mnisapoti". Mibofyo ya huruma inatambulika, na akaunti inafungwa na hela yako ndani.

"Iko kwenye wingu, iko salama"

Wingu ni majengo yaliyojaa kompyuta, mengi yako mbali na hapa, na sisi tunayafikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ulifika Dar 2009, EASSy mwaka uliofuata. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika. Nilikuwa na makala ya kupeleka jioni ile, imelala kwenye programu ninayoilipia kila mwezi, na haifunguki. Nikanunua bando. Haifunguki. Nikanunua jingine, la mtandao mwingine. Jirani wa viatu naye alikuwa nje kibarazani ameinua simu juu kama anatafuta mwezi.

Usajili wangu ulikuwa hai kabisa, nimelipa hadi tarehe 30. Nilichokuwa nimelipia kilikuwa ng'ambo ya maji. Tangu hapo kila ninachoandika kina nakala kwenye flashi ya elfu kumi na tano, inayoning'inia pamoja na funguo za mlango.

Tarehe nazo nimezihamisha. Ziko kwenye kalenda ya ukutani niliyopewa duka la dawa, kwa kalamu nyekundu: domeni mpya, mahali tovuti inapokaa, programu ya kuandikia, kadi ya pili. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba aliingia kuangalia bomba linalovuja, akasimama mbele ya kalenda.

"Mwanangu, hizi nyekundu zote ni nini?"

"Kodi, mama."

Akazipitia kwa kidole, moja moja, mpaka Desemba.

"Mbona ya kwangu haimo?"