Maana ya kumtumaini na kumtii Mungu

Kumtumaini Mungu ni kumtegemea yeye, kwa jinsi alivyo na kwa yale aliyoahidi, hata pale ambapo wewe mwenyewe huoni njia. Kumtii ni kufanya alichosema. Makanisani mambo haya mawili mara nyingi huhubiriwa kwa zamu, Jumapili hii imani, Jumapili ijayo amri, mpaka waumini wengi wanadhani ni madarasa mawili: kwanza unaamini, halafu ukishakomaa ndipo unaanza kutii. Biblia haifundishi hivyo. Katika Biblia mtu anatii kwa sababu amemwamini aliyesema, na imani yake inajulikana pale anapotii. Vikitenganishwa, vyote viwili vinaharibika. Imani isiyotii inabaki kuwa maoni kuhusu Mungu, na utii usiomtumaini unageuka kuwa woga wa mtumwa anayesubiri fimbo.

Yakobo halipambi jambo hili. Anawaambia wasomaji wake kwamba hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka (Yakobo 2:19). Kwa hiyo kukubali kwamba Mungu yupo, au kujua mistari mingi, bado siyo kumtumaini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Luka 5, na kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, Igombe, Kayenze au Ukerewe, hauhitaji maelezo marefu. Wavuvi wetu wa dagaa huingia ziwani jioni, usiku wa giza, wakiwa na taa za kuwavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Asubuhi wanarudi mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, na kama usiku ulikuwa mbaya inaonekana usoni kabla mtu hajafungua mdomo, maana mafuta yameungua, chakula kimeliwa na deni liko palepale. Simoni Petro alikuwa katika hali hiyo, anaosha nyavu, Yesu alipomwambia asogee kilindini azishushe tena. Aliyekuwa akimwagiza alikulia Nazareti, mji ulio mbali na maji, katika nyumba ya seremala. Simoni alikuwa mvuvi.

Jibu lake lina sehemu mbili na zote ni za lazima. Kwanza anaieleza hali ilivyo: tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, hatukupata kitu. Kisha anasema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Hajifanyi kwamba usiku ulikuwa mzuri. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi kuna vikundi vya maombi ambako mtu akisema anaumwa au hana ada ya mtoto anaambiwa amekiri kushindwa, imani yake ni ndogo. Simoni alikiri kushindwa waziwazi mbele ya Yesu, na hakukemewa. Kumtumaini Mungu hakumtaki mtu aseme uongo kuhusu hali yake. Kunamtaka, baada ya kusema kweli yote, asiifanye hali hiyo kuwa neno la mwisho.

Wengi wakilihubiri fungu hili wanaishia kwenye samaki, vyombo viwili vimejaa hadi vinataka kuzama, na wasikilizaji wanaahidiwa kwamba na chao kitajaa. Lakini habari haikuishia hapo. Mstari wa 11 unasema walipovileta vyombo pwani waliacha vyote, wakamfuata. Siku waliyovua kuliko siku zote ndiyo siku waliyouacha uvuvi. Anayelisoma fungu hili kama njia ya kupata mzigo mkubwa ameliachia njiani.

Sasa tushuke kwenye maisha ya kila siku, maana huko ndiko neno hili linakopimwa. Soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza linapokea dagaa wa ziwa zima, na wanunuzi wanatoka mikoani na nchi jirani, Kongo, Rwanda, Burundi. Chukua mama Mkristo anayeuza dagaa kwa kisado, yaani kopo la kupimia. Kisado kikibonyezwa kitako kwa ndani, kwa juu kinaonekana kimejaa vilevile, kumbe mteja amepunjwa kiganja kimoja au viwili. Tena kuna dagaa walionyeshewa wakiwa wameanikwa, wamebadilika rangi na harufu. Bei yao ni ya chakula cha kuku, lakini wakichanganywa katikati ya gunia, juu na chini wakawekwa waliokauka vizuri, mnunuzi atagundua akiwa ameshafika Kigoma. Zaidi ya miaka 2,700 iliyopita nabii Amosi aliwashitaki wafanyabiashara wa Israeli kwa mambo hayohayo: kukipunguza kipimo, kupotosha mizani, na kuwauzia watu takataka za ngano (Amosi 8:5-6). Na Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA."

Mama huyu amri anaijua. Shida yake inaanzia kwenye hesabu: jirani zake kushoto na kulia wamebonyeza vyao, bei imelingana, na yeye akinyoosha chake faida ya siku inapungua kwa kiasi anachokiona kabisa, labda nauli ya kurudi Buzuruga, labda daftari la mtoto. Hapo ndipo swali la utii linapogeuka kuwa swali la tumaini. Akikinyoosha, anakuwa amesema kwa mkono wake kwamba Mungu anaweza kumlisha bila ule udanganyifu. Akikiacha kilivyo, amesema kwamba Mungu wa Jumapili ni mzuri lakini Jumatatu anahitaji msaada kidogo. Simsemi kwa dharau. Ni uamuzi mgumu, na anaufanya akiwa na njaa halisi na watoto halisi. Ila tusidanganyane kwamba tumaini lake linaonekana zaidi akiwa ameinua mikono kwenye ibada kuliko akiwa ameshika kile kisado.

Kwenye mtumbwi ni hivyohivyo. Tajiri mwenye chombo na injini anatoa gharama za mafuta na chakula kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Akiongeza lita kadhaa za mafuta ambazo hazikutumika, wavuvi wake hawana cha kumfanya. Nao wavuvi wakiuza sangara wawili watatu hukohuko ziwani kabla ya kufika mwaloni, tajiri hatajua. Paulo aliwaandikia wote wawili katika barua moja: anayetumwa atumike kama kwa Bwana, na anayetuma atoe kilicho haki, akijua kwamba naye ana Bwana mbinguni (Wakolosai 3:22 hadi 4:1). Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na kokoro, wavu wa kukokotwa, ni haramu. Mkristo anayevua makinda usiku kisha akatoa fungu la kumi la mauzo yake analo neno la Samweli la kujibu: "kutii ni bora kuliko dhabihu" (1 Samweli 15:22).

Watu wengi huniuliza watayajuaje mapenzi ya Mungu ili wayatii. Mara nyingi wanakuwa na jambo moja mkononi: wamuoe nani, wahamie Geita au wabaki, waache kazi au wavumilie. Ni maswali ya haki kuyapeleka kwenye maombi. Lakini Kumbukumbu la Torati 29:29 inagawa mambo mawili: yaliyo siri ni ya Mungu, yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu ili tuyafanye. Nimeona mtu akifunga siku nyingi kutafuta sauti ya Mungu kuhusu safari, wakati dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa mshahara. Jambo hilo la mshahara halihitaji ufunuo. Torati ilisema maskini alipwe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake umeutumainia (Kumbukumbu 24:14-15). Sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu imeshaandikwa, na anayefanya lile analolijua huwa anajikuta amefungukiwa na mengine njiani. Ibrahimu alipoitwa alitoka asijue aendako (Waebrania 11:8). Alichokijua ni kwamba anatakiwa kuondoka.

Kuna jambo linalofanana na tumaini lakini silo, nalo linaua watu. Ni kumjaribu Mungu. Ibilisi alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu alitumia Zaburi ya 91, ahadi ya kweli kabisa ya Mungu, na Yesu alimjibu kwa andiko lingine: usimjaribu Bwana Mungu wako (Mathayo 4:5-7). Mvuvi aliyesikia kwamba upepo mkali unakuja, akaingia ziwani bila jaketi okozi akisema Mungu ni mlinzi wangu, anafanya kile Yesu alichokataa kukifanya. Na mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akaziacha kwa sababu ameombewa, yuko katika hatari ileile. Ndugu yangu, kama kuna mtu amekuambia uziache, rudi kliniki. Ukiwa umepona, vipimo vitasema, na Mungu hapungukiwi utukufu kwa kupimwa damu.

Maandiko yenyewe yako wazi hapa. Mungu alimwahidi mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa, kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba atamponya na kumwongezea miaka 15, kisha Isaya huyohuyo akaagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7). Ahadi ilishatolewa, na dawa ikatumika. Matendo 27 ni kali zaidi. Paulo yuko katika merikebu yenye watu 276, tufani imewapiga siku nyingi, na malaika amemhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Usiku mabaharia wanashusha mashua wakitaka kutoroka. Paulo hakusema waacheni, Mungu ameshaahidi. Alimwambia akida kwamba hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka, na askari wakazikata kamba za mashua. Alikuwa na uhakika na neno la Mungu, na kwa sababu ya uhakika huohuo aliwahitaji mabaharia wabaki kazini. Merikebu ilivunjika, watu wote wakafika Malta salama.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuwa na Mungu na kitu kingine cha akiba. Kanda ya Ziwa tunalijua: mtumbwi umebarikiwa na mchungaji mchana, usiku mganga ameitwa kuuzindika. Mwenye chombo anasema ni kujihami tu. Amri ya kwanza haikuacha nafasi ya kujihami kwa namna hiyo, na waliokulia katika mambo haya wanajua yanavyofunga watu kwa hofu na kuwafanya waanze kumtafuta jirani aliyewaloga. Neno hilo linahusu pia chumvi, mafuta na maji yanayouzwa kwa jina la Yesu. Mtumishi wa Mungu anastahili heshima, lakini utii wenyewe ni wa Mungu. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli (Matendo 17:11), na kama mtume alichunguzwa, nabii wa mtaani kwetu naye achunguzwe.

Halafu kuna msiba. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika vyombo hivyo walikuwamo watu waliosali asubuhi hiyo. Kwa hiyo mtu asimwambie mjane kwamba mumewe angetumaini zaidi angefika. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," bado hawataisujudia sanamu yake (Danieli 3:17-18). Tumaini linabaki kuwa tumaini hata katika ile "kama si hivyo". Na linaruhusiwa kulia. Daudi katika Zaburi ya 13 anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne, ndipo anaposema amezitumainia fadhili zake. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akapewa akinywe. Waebrania 5:8 inasema kwamba ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata.

Na utii wake ndio unaotushika sisi tunaoshindwa. Hakuna anayekubaliwa na Mungu kwa sababu kisado chake kimenyooka. Waefeso 2:8-10 inaweka mpangilio: tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, siyo kwa matendo, na tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Matendo yanafuata, lakini lazima yafuate. Zakayo hakuahidi chochote kabla Yesu hajamwita. Aliitwa, akampokea nyumbani kwa furaha, kisha akasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne (Luka 19:8).

Kwa hiyo mama yetu wa Mwaloni akitaka kuanza, anaanza kwa kupata kisado kizima. Wateja wake wa kudumu anawaambia kweli, na kwa wale anaowakumbuka anaongeza juu ya kipimo mpaka deni liishe. Wengine watamcheka, na huenda mmoja atahamia meza ya jirani kwa hasira. Dagaa walionyeshewa anawatenga kwenye gunia lao, anawauza kama chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku.