Meli ya kuvunja barafu: inavunjaje, na kwa nini safari yake inaitwa ekspedisheni

Ukimwambia mtu "meli ya kuvunja barafu" picha inayomjia ni meli yenye pua kali kama shoka inayopasua barafu katikati, na mimi niliwaza hivyo hivyo kwa miaka. Sivyo kabisa. Hii meli haikati, inapanda juu ya barafu alafu inaikalia.

Pua yake imechongwa mviringo kama mgongo wa kijiko, kwa hiyo propela zikisukuma kutoka nyuma ile pua inateleza na kupanda juu ya barafu, uzito wote wa mbele unaelemea pale, barafu inalemewa inavunjika, meli inashuka majini na kupanda tena, hivyo hivyo kilomita kwa kilomita. Ikikutana na mahali vipande vimerundikana vikawa kama kilima, inarudi nyuma kwanza, inajipa nafasi, alafu inakuja kwa kasi, na isipopita mara ya kwanza inarudia. Ubavuni kwa chini kuna mitambo ya kupuliza hewa, yale mapovu yakipanda yanafanya barafu isiing'ang'anie meli.

Mfano mzuri ni meli ya Urusi inayoitwa 50 Let Pobedy, yaani Miaka 50 ya Ushindi, ule wa vita vya pili vya dunia. Ilianza kujengwa 1989 lakini hela zikakata katikati, ikaja kukamilika 2007. Ina urefu wa karibu mita 160, uzito tani kama 25,000, na riakta 2, yaani mitambo ya nyuklia, zinazoipa nguvu ya farasi 75,000, barafu ya mita 2 na nusu inaivunja. Kazi yake hasa ni kufungulia njia meli za mizigo kaskazini mwa Urusi, ila majira ya joto imekuwa ikibeba watalii kama 128 hivi kutoka bandari ya Murmansk mpaka Ncha ya Kaskazini, na njiani inapita Franz Josef Land, visiwa vya Urusi vilivyo kaskazini kabisa.

Kuna kitu kuhusu meli za nyuklia za aina hii kilichonishangaza mno. Zile riakta zinapozwa kwa maji ya bahari na zimetengenezwa kwa maji ya baridi kali tu, kwa hiyo haziwezi kuvuka bahari ya joto kwenda Antaktika, na bahari kama hii yetu ya nyuzi 27 au 28 usitegemee kuiona ikipita. Alafu lile umbo la mviringo linalosaidia kwenye barafu linakuwa mzigo kwenye maji ya wazi, meli inayumba huku na huku na abiria wanatapika kweli kweli, mpaka waikute barafu ndo inatulia.

Sasa neno ekspedisheni, yaani safari ya uvumbuzi, ambalo ndilo wanaloiita safari hii ya watalii. Safari ya kawaida ya meli ya watalii ina ratiba, leo bandari hii kesho ile, saa fulani mnashuka kununua vitu. Huku hakuna bandari, hakuna gati, hakuna mji. Franz Josef Land ni visiwa 190 na kitu, karibu asilimia 85 ya nchi yake imefunikwa na barafu, na hakuna mwenyeji hata mmoja, waliopo ni wanajeshi na watu wa vituo vya utafiti. Nahodha anaangalia ramani za barafu za setilaiti, helikopta inaweza kuruka mbele kukagua njia, ndo inaamuliwa leo mtafika wapi. Kuna ukungu, mnasubiri. Dubu mweupe ameonekana ufukweni mlikotaka kushuka, hamshuki, mnageuza. Mkishuka mnashuka kwa boti za mpira na walinzi wenye bunduki wanatangulia. Kwa maoni yangu hapo ndo maana halisi ya hilo neno ilipo: mwenye ratiba ni barafu, na mtu aliyelipa makumi elfu ya dola hana la kuongeza.

Na barafu yenyewe ni tamasha, wala si weupe mtupu. Ukisimama mbele kabisa ukaangalia chini, kipande kikubwa kama ukuta wa nyumba kinabinuka polepole, upande wa juu ni theluji, ubavu wake ni wa buluu, upande wa chini una rangi ya kahawia kwa sababu ya mwani unaoota pale chini. Saa nyingine kinabinuka na visamaki vidogo vinabaki juu vinatapatapa, na shakwe wanaofuata meli wanajua, wanashuka kuvidaka kabla havijarudi majini.

Visiwa vya Franz Josef Land viligunduliwa kwa bahati tu. Mwaka 1872 meli ya Austria-Hungaria, Tegetthoff, ilinaswa na barafu ikawa inaburutwa tu bila mtu kuiongoza, mwaka mmoja baadaye, Agosti 1873, wakaona milima mbele yao, wakaipa jina la mfalme wao. Meli haikutoka tena, ilibidi waiache, wakavuta boti zao juu ya barafu kurudi kusini. Hiyo ndo tofauti, meli bila umbo hilo na nguvu hiyo ikinaswa imenaswa.

Aliyelielewa umbo mapema ni Nansen, mpelelezi wa ncha kutoka Norwe. Meli yake Fram ilikuwa na tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue juu badala ya kuiponda. Mwaka 1895 yeye na mwenzake Johansen wakaiacha wakaenda kwa ski na mbwa kuitafuta ncha, wakashindwa, wakaangukia Franz Josef Land na kukaa majira yote ya baridi kwenye kibanda cha mawe kilichoezekwa ngozi za walrasi, mnyama mkubwa wa bahari ya baridi mwenye meno marefu, chakula chao nyama ya dubu, miezi 8 au 9 hivi. Sehemu hiyo inaitwa Cape Norvegia, na barafu ikiruhusu watalii wanashushwa hapo. Kilichobaki ni shimo la chini lenye mawe pembeni na gogo moja la paa lililoletwa na bahari, bado limelala pale pale.